Prosesa Mpya Lyulilo

Lusungu alishuka kwenye pikapu ya kukodi gulioni Lyulilo akiwa na tabasamu la mchungaji na laptopu iliyozeeka kabla yeye hajajifunza kudanganya. Juu yake iling'aa stika mpya, aliyoibandika mwenyewe asubuhi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: ikiwashwa, haichukui muda inachemka na kuzima. Ilimpasa aiuze aondoke ingali inapumua.

Macho yake yakatua kwa Veronika, mwenye kibanda cha kuchapa barua, aliyekuwa akihangaika na laptopu yenye kioo kilichopasuka. Kando yake mama mkwe wake, Bibi Anyes, alikuwa akipanga vyungu vyake vya kuuza.

"Dada, hii ina prosesa mpya," Lusungu alisema, akiifunua taratibu kama mtoto mchanga. "Inafikiri kabla hujafikiri. Hata Mbeya haijafika."

"Mimi nachapa barua za kuomba kazi. Zinataka kufikiriwa kiasi hicho?"

"Kaa hivyohivyo. Wenzako wa Malawi wameshakuacha."

"Chungu cha aina mpya namwachia jirani apike kwanza," Veronika akasema. "Kisipopasuka, nami nanunua."

"Hayo ni ya vyungu, dada. Teknolojia humpenda anayewahi. Wa kujaribujaribu huachwa."

Veronika akaigeuza laptopu tumbo juu, akaisoma lebo ya chini. "Pesa sina. Labda tubadilishane kwa vyungu vya mama."

Lusungu akakaribia kupiga magoti. Vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, mjini hugombaniwa. Bibi Anyes akampeleka nyuma ya kibanda, vilikojipanga vyungu laini, vimepakwa rangi nyekundu, vinapendeza kama maharusi. Lusungu akaomba maji avijaze, aone kama havivuji, maana ndivyo alivyoona wanunuzi wengine wakifanya.

"Wa kujaribujaribu huachwa, baba," Bibi Anyes akasema kwa upole.

Sasa mtu mwenye heshima zake afanyeje? Lusungu aliyameza maneno yake mwenyewe, makavu, bila chai.

"Mkiwa mnapakia, nikutegee kitendawili," bibi akaendelea. "Binti yangu kavaa nyekundu, kakaa kitako, lakini moto haujui."

"Sina muda, bibi. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Chukua Mbeya yote."

"Haya, nimekwenda Mbeya, nimekula wali, nimerudi. Jibu mtakutana nalo njiani."

Wanawake wengine wauza vyungu wakacheka hadi wakashikana mabega. Lusungu akadhani wamefurahia ukarimu wake.

Mvua ya Kyela haimuulizi mtu ratiba. Iliwakuta kabla hawajafika mjini, ikapiga kisawasawa. Dereva akasimamisha gari, akachungulia nyuma.

"Bosi, mzigo wako unashuka wenyewe."

Matope mekundu yalikuwa yakichuruzika hadi barabarani. Katikati ya majani ya migomba yaliyofungia vyungu kilikuwa kimebaki kilima cha udongo, na shingo moja ya chungu ikizama polepole. Dereva akamkabidhi koleo bila maneno mengi.

Akiwa anazoa, simu ikaita. Alikuwa Veronika.

"Kaka, ndaga fijo, asante sana. Ile laptopu yako ni pacha wa yangu, nilimtambua tumboni. Kioo chake tumekihamishia kwangu, sasa nachapa bila shida."

"Dada, vyungu vimeyeyuka."

Simu ikahama mkono. Halafu ikaja sauti ya Bibi Anyes, imejaa huruma.

"Pole, baba. Ulitaka kuwahi, ukapata toleo la kwanza. La pili ndilo huwa tunalichoma."