Manyoya ya Kuku na Milaya ya Keji

Jumatatu, 3 Novemba
Mzee Soro amekubali twende naye milimani Imatong, kwenye miche yake ya kahawa. Ni mjomba wa Keji, na baba yake Keji alishafariki, kwa hiyo neno la mzee ndilo litaamua kama nitamwoa Keji. Jacob, ambaye naye anamtaka Keji, anakwenda pia. Jacob! Ana mfuko wa kulalia wa kizungu, ameletewa kutoka Kampala. Tutalala kwenye machela zilizofungwa mitini, maana chini kuna siafu. Huko baridi ni kali. Mimi baada ya miaka minne Juba sina hata sweta. Nitajitengenezea kinga. Nafundisha fizikia, joto nalijua.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeomba manyoya ya kuku kwa Mama Achieng, mwenye hoteli pale Hai Cinema. Akauliza kama ni ya uganga. Nikasema ni ya sayansi. Akanitazama kwa huruma, akanipa magunia mawili. Nimeyaosha na kuyaanika uani. Alasiri ukaja upepo. Jirani yangu Mayen amelalamika kwamba yameingia kwenye asida yake, ugali wa chakula cha jioni. Limebaki gunia moja. Litatosha.

Ijumaa, 7 Novemba
Keji ameniletea milaya. Kwao msichana akimdarizia mwanamume shuka kama hii, hana haja ya kusema zaidi. Miezi mitano ya sindano, ndege wawili wanatazamana. Nusura nilie. Tena kitambaa kimefumwa sawasawa, upepo haupenyi.
Nilimweleza mpango wa manyoya. Akasema niyaning'inize chini ya machela, kwa nje, yakae yamefumuka. Nikiyalalia yatabanwa na baridi itanifikia. Nilimshukuru kwa upole. Tangu lini mtu akatandika godoro uvunguni?

Jumamosi, 8 Novemba
Nimetafuta cha kutia manyoya. Chandarua kinayavujisha. Gunia linawasha. Nimekata milaya. Kwa heshima, katikati kabisa, ndege mmoja kila upande. Nimeshona mfuko mwenyewe, vidole vimetoboka. Keji atafurahi kwamba kazi yake inanilinda.

Jumatano, 12 Novemba, milimani
Sijalala. Manyoya yalijibana chini yangu yakawa chapati. Meno yaligongana mpaka alfajiri.
Mzee Soro alijaza nyasi kavu kwenye gunia, akalining'iniza chini ya machela yake, akakoroma. Jacob naye mgongo ulimganda, licha ya mfuko wake wa Kampala. Lakini yeye alimwamsha mzee, akaomba aonyeshwe, akafungiwa gunia lake. Mzee akanijazia na mimi la tatu. Nilikataa. Mkwe mtarajiwa hasaidiwi kulala.
Asubuhi mzee akawaona wale ndege. Akauliza milaya hii nimeitoa wapi. Niliogopa. Nikasema nilinunua vipande sokoni Konyo Konyo, bei ya kutupa. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mshono. Kisha akasema taratibu kwamba ndege wenye kishungi namna hiyo anawajua, na nyuzi zake alinunua yeye mwenyewe. Akasema malesh, akarudi kwenye miche yake. Sikujua pole hiyo ilikuwa ya nani.

Jumapili, 16 Novemba
Keji alikuja baada ya ibada. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kukata angesamehe, kitambaa ni kitambaa. Ila kumwambia mjomba wake kwamba kazi yake imeokotwa sokoni, hapana. Akaomba vipande vyake. Nilifumua, nikatoa manyoya, nikampa. Aliyapuliza yaliyobaki, moja moja, akaondoka. Nampenda sana. Niliingia ndani nikakaa.

Jumamosi, 29 Novemba
Nimepita kwao New Site. Keji anadarizi barazani. Milaya mpya, ndege wawili tena. Jacob amekaa pembeni anamshikia nyuzi, na Mzee Soro anawaamkia wapita njia kama mtu aliyeshapata mkwe. Moyo umenivunjika, naandika wazi.
Nimerudi nikatafakari mpaka usiku. Sasa nimeelewa kosa langu. Manyoya yalikuwa machache. Lile gunia lililopeperuka lingeniokoa.
Na kitambaa cha safari hii ni kizito kuliko kile. Nimemtuma Mama Achieng akamuulize Keji, kwa adabu zote, kama kutabaki kipande.