Jabali Hapigi Magoti

Balozi alipoingia kwa kinyozi siku ile, alimkuta fundi cherehani ameketi kwenye kiti na ndevu nusu. Shavu la kulia lilikuwa limeshanyolewa, la kushoto bado ni msitu. Kinyozi alikuwa amesimama kando, wembe mkononi, amegoma.

"Simalizi," alisema kinyozi, "mpaka ukiri kwamba Kimya anampiga Jabali."

"Basi nitazikwa na ndevu nusu," alijibu fundi. "Jabali anabeba ghorofa kumi kwa mkono mmoja, shemeji. Huyo Kimya wako anabeba nini? Mkoba!"

Balozi alikaa kwenye benchi, akakunja nne, akatega sikio. Tuseme mapema kwamba hakuwa balozi wa nchi yoyote. Aliitwa hivyo kwa sababu kila alipotokea alikuwa anamwakilisha mtu mkubwa ambaye kwa bahati mbaya hakuweza kufika. Kwa mwenye bucha wa mtaa wa pili aliwakilisha kiwanda cha friji, na mwenye bucha akabaki na mlango wa friji, mweupe, mzuri, usio na friji nyuma yake. Tangu hapo mwenye bucha alikuwa akimtafuta mtaa kwa mtaa, na juzi alikuwa amemkosa kwa upana wa ukuta tu. Balozi alihitaji kutoka mjini, tena upesi, tena si kwa miguu.

Nje ya kinyozi ilikuwa imeegeshwa pikipiki nyekundu.

"Ya nani ile?" aliuliza.

"Yangu," alisema kinyozi. "Lakini tusitoke kwenye mada."

Mada ilikuwa hii. Kinyozi alimwoa dada yake fundi, na mashemeji hao walipanga chumba kimoja, kiti na kioo upande huu, cherehani upande ule, mstari wa chaki katikati. Fundi, mtu mfupi ambaye kanyagio la cherehani alilifikia kwa kujinyoosha, alikuwa shabiki wa vitabu vya katuni vya kampuni ya Nyota Saba, ambako Jabali ndiye shujaa mkuu. Kinyozi, ambaye hajawahi kufunga mdomo tangu aote meno, alikuwa shabiki wa kampuni shindani, Mwezi Mweusi, ambako Kimya, mwanamke mwenye mkoba, huwashinda maadui kwa kunyamaza tu, na bunduki zao zikanyamaza naye. Ukuta wa mbele wa duka ulikuwa haujapakwa rangi mwaka mzima. Walikuwa wamewekeana nadhiri: atakayethibitisha kwamba shujaa wake ndiye zaidi atamchora ukutani, na mwenzake atabandua picha zake zote na kutotaja jina la shujaa wake mle ndani maisha.

Balozi alipiga kikohozi cha kiofisi.

"Ndugu zangu, naona aibu kulisema, lakini nawakilisha kampuni zote mbili."

Mashemeji waligeuka kumtazama kwa pamoja.

Aliomba aazimwe vitabu vyote, vya pande zote, "kwa ukaguzi". Mtu anayeheshimu kazi yake hufanya utafiti, na Balozi aliiheshimu sana kazi yake. Alijifungia chumbani kwake siku tatu. Siku ya kwanza alisoma huku anacheka. Siku ya pili alisahau kula. Siku ya tatu alifika toleo la arobaini la Nyota Saba, ambamo Jabali, akiwa amebeba daraja zima mabegani, anaona kasuku amenaswa kwenye waya na hana mkono wa kumtoa, akabaki anamlilia. Balozi, aliyeuza mlango bila friji na macho makavu, alilia mpaka mto ukalowa. Kisha akajipangusa, akajiambia kwamba ni vumbi la vitabu, akaenda kumtafuta mchora mabango.

Mchora mabango alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi, mwenye rangi mpaka kwenye nyusi, anayefanyia kazi uani kati ya makopo.

"Nataka kurasa mbili, dada," Balozi alimwambia. "Mashujaa wawili wanapigana. Kwenye mmoja ashinde huyu, kwenye mwingine ashinde yule. Zionekane kuukuu."

"Nitazichovya kwenye chai ya rangi. Malipo?"

"Mzigo ukishatoka."

"Nitakuja mwenyewe kuyafuata," alisema mchora mabango.

Hadithi aliyowapa mashemeji ilikuwa moja, kila mtu kwa wakati wake, kwa kunong'ona. Zamani kampuni hizo mbili zilikubaliana mashujaa wao wakutane. Toleo likachorwa, wakubwa wakagombana, toleo likachomwa moto. Umebaki ukurasa wa mwisho, ule wa mshindi. Mnunuzi asimwonyeshe mtu mpaka mwezi uishe, wasije wanasheria.

Fundi aliuchukua ukurasa wake wakati kinyozi amekwenda kula. Alipomwona Jabali amesimama juu ya kifusi, kifua mbele, alitungua kwenye hanga suti ya kijivu iliyokuwa inamsubiri mteja, akaikabidhi kuwa malipo bila kupima. Balozi aliivaa papo hapo. Kesho yake asubuhi, akiwa ndani ya suti hiyo, alimfuata kinyozi kabla fundi hajafika, na kinyozi akaweka ufunguo wa pikipiki kwenye meza, kando ya chupa ya spiriti.

"Tuone," alisema.

Balozi alifungua bahasha. Hapo tu ndipo na yeye alipouona vizuri ukurasa ule. Kimya alikuwa amesimama, kidole mdomoni. Mbele yake Jabali alikuwa amepiga magoti, machozi yanamtiririka kwenye mashavu ya mawe.

Kinyozi alipiga kelele ya furaha. "Ahaa! Nilisema mimi! Lile si shujaa, ni jiwe la kujengea choo! Chukua ufunguo, Balozi, nenda na amani!"

Ufunguo ulikuwa mkononi mwake tayari. Hatua nane mpaka mlangoni, na mwenye bucha asingemwona tena. Balozi alitembea hatua tatu. Ya nne ilikataa.

"Jiwe la choo?" aliuliza polepole.

"La choo. Tena cha shimo."

"Jabali hapigi magoti!" Balozi alirudi na kuubwaga ufunguo mezani. "Aliyebeba daraja huku anamlilia kasuku, apige magoti mbele ya mwanamke mwenye mkoba? Huo ukurasa ni wa uongo! Nimeuagiza mimi mwenyewe, rangi yake ni chai!"

Alijisikia anayasema, na moyo wake ulikuwa mwepesi ajabu.

"Wa uongo?" kinyozi aliukumbatia ukurasa kifuani. "Wivu tu! Huu ni wa kweli, macho yangu yanaona!"

Fundi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kazini, alivuka mstari wa chaki mbio, ukurasa wake mkononi. "Wa kweli ni huu! Balozi, mwambie!"

Balozi aliutazama. Jabali juu ya kifusi, kifua mbele. Alijua ulichorwa Jumanne, uani, kati ya makopo. Lakini jinsi alivyosimama yule mtu!

"Huo," alisema kwa heshima, "ndio wa kweli."

Mchora mabango alikuwa ameshafika mlangoni kufuata malipo yake. Walimvuta ndani awe shahidi.

"Hizo zote mbili nimechora mimi," alisema. "Siku moja, brashi moja."

"Dada, wewe katuni huzijui!" alifoka kinyozi.

"Katuni waachie wenyewe!" alisema fundi.

"Huo wa Jabali hukuuchora wewe," alimalizia Balozi, kwa upole wa mtu anayemsamehe mwenzake.

Mchora mabango aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akautazama ufunguo.

"Na pikipiki ni ya nani?"

"Si yangu tena," alisema kinyozi, "nimeshanunulia ukurasa wangu halisi."

"Mimi siitaki!" alisema Balozi. "Siwezi kupanda kitu kilichopatikana kwa kumdhalilisha Jabali!"

"Basi hayo ndiyo malipo yangu," alisema mchora mabango.

Hakuna aliyempinga, kwa kuwa hakuna aliyemsikia. Pikipiki iliwaka, ikanguruma, ikaondoka, na Balozi alipandisha sauti kidogo ili mngurumo usimkatize, maana ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuwasimulia ushujaa wa Jabali, toleo la kwanza.

Alipofika la kumi na mbili, mlango ulijaa. Mwenye bucha alikuwa amesimama hapo, aproni imemkaa vizuri, na kwapani amebeba mlango mweupe wa friji.

"Balozi," alisema.

Balozi aliinua mkono bila kugeuka. "Nipe dakika, mkubwa, nimalize hoja."

Mwenye bucha alichungulia mtaani, hakuona chombo chochote cha kukimbilia. Akaegemeza mlango wa friji mlangoni, ukaziba njia, akaketi kwenye benchi kusubiri.