Dokta Kasema Mama Amekufa

Kwa jina la utani aliitwa Dokta, na hospitali yake ilikuwa meza moja chini ya ngazi za ghorofa, katikati ya mashine ya fotokopi na mlango wa choo. Hapo alitibu laptopu. Zilizofika nzima ziliondoka zinaumwa, na zilizofika zinaumwa hazikuondoka.

Siku hiyo Dokta mwenyewe alikuwa na jambo la kumkosesha usingizi. Alasiri alitakiwa kwenda kujitambulisha kwa kina mchumba wake kwa mara ya kwanza. Binti alishawaambia wazazi kuwa mtu wake ni mhandisi wa mitambo mikubwa, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa yeye. Tena alimpa Dokta onyo.

"Laptopu ya Baba imegoma, na yeye amenuna kama ndiye aliyeharibika. Mletee laptopu, utapita kama maji. Ukija mikono mitupu, kuna yule mtu wa benki ambaye Baba anamtaja kila akinywa chai."

Sasa, laptopu Dokta alikuwa nayo moja tu, ile ya kupambia meza. Iling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ilikuwa inawaka vizuri, lakini ikishapata joto inazimika kama mshumaa uliopulizwa. Kumpa baba mkwe kitu kama kile ni kuomba talaka kabla ya ndoa.

Ndipo akatokea mama mmoja wa makamo, anahema, kwapani kabana laptopu.

"Mwanangu, wewe ndiye Dokta?"

"Ndiye mimi, shangazi. Karibu kiti, pole na ngazi."

"Sikai. Nimemwacha mama yangu huko juu kwa daktari wa macho, yuko kwenye foleni na ameshaanza kugombana na watu. Hiki kidude cha kaka yangu kinawaka, kinaandika maandishi meupe, halafu kinakaa kimya."

Dokta aliiwasha. Kweli, kioo cheusi, maandishi meupe: mfumo haujaonekana. Jicho lake likateremka ubavuni mwa mashine, likakutana na flashi ndogo kama ukucha, imechomekwa na kusahaulika. Ugonjwa ukajulikana palepale. Laptopu ilikuwa inatafuta pa kuanzia ndani ya flashi badala ya tumboni mwake, inakosa, inasusa. Dawa yake ni kuchomoa flashi na kuwasha upya, basi. Mgonjwa wa namna hii anapona daktari akiwa bado anatafuta miwani.

Dokta akaifunika flashi kwa kiganja. Akainamisha sikio juu ya vitufe, akasikiliza, akashusha pumzi ya mtu mwenye habari nzito.

"Shangazi, una moyo mgumu?"

"Kwani vipi?"

"Mama amekufa."

"Mama yupi tena?"

"Wa mashine. Ile bodi kubwa ya ndani, inayobeba wenzake wote."

Mafundi wengine waliiita mazabodi. Dokta alishagundua zamani kuwa hakuna mteja anayeililia mazabodi. Lakini mama! Mama humtoa mtu machozi hata akiwa wa plastiki na shaba.

"Maskini. Kafa kwa nini?"

"Ameungua ndani kabisa. Hata nikifungua tutaumia bure." Akapangusa kioo kwa upole wa mtu anayemfumba macho marehemu. "Lakini wewe nakuona kama shangazi yangu wa damu. Chukua hii yangu inayong'aa, mimi nibaki na maiti."

Shangazi aliitazama ile inayong'aa, na huzuni ikamtoka usoni mbio.

"Na chaja yake?"

"Na chaja."

"Na begi?"

Dokta alilitoa begi shingo upande. "Na begi, shangazi."

"Na hicho kipanya?"

Akampa na kipanya. Shangazi akapiga simu, akipaza sauti kuishinda mashine ya fotokopi.

"Kaka! Niko hapa kwa Dokta. Mama amekufa... Ndiyo, amekufa! Dokta mwenyewe kasema. Ameungua ndani, hakuna cha kufanya... Sasa unalia nini? Tumeshapata mwingine, tena huyu ana sura nzuri kuliko yule... Halo? Halo!" Akaitazama simu. "Chaji imeisha. Jamani, kaka yangu anavipenda vitu vyake!"

Akapanda ngazi kumfuata mama yake. Hata hajapotea vizuri, Dokta alishachomoa flashi na kubonyeza. Mashine ikaamka kama mtoto aliyesikia harufu ya chakula. Kwenye kioo ikatokea picha ya bibi mmoja kwenye kiti, kanuna kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Wewe nitakubadilisha," Dokta alimwambia.

Simu yake ikaita. Binti, analia. "Njoo haraka! Bibi amefariki! Nyumba imejaa watu!"

Dokta alisikitika, ndiyo, lakini alisikitika huku akipiga hesabu. Baba aliyefiwa hana nguvu za kumhoji mhandisi. Akaifungia laptopu kwenye karatasi ya zawadi, akasahau kabisa suala la picha.

Kwa kina binti turubai lilishasimama, viti vimepangwa, vyungu viko motoni. Dokta alianzia kilio getini. Alilia kwa ufundi mpaka wafiwa wenyewe wakaanza kumpa pole. Baba akamshika bega.

"Kijana, kumbe ulimfahamu mama?"

"Baba, alikuwa ananiita mwanangu," Dokta alisema kwa kwikwi. Binti alimkodolea macho. "Hiki ni kizawadi tu. Kikufariji."

Baba akaanza kuchana karatasi. Dokta akageuka kutafuta pa kukaa, na hapo ndipo alipoiona, juu ya meza yenye maua, picha kubwa ya marehemu. Kiti kilekile. Mnuno uleule.

Alirudi mbio. "Baba, hebu nipe kwanza, nimesahau..."

Baba alishaiwasha. Bibi akajaa kioo kizima, na msiba wote ukapiga yowe.

"Umempata wapi mama yangu?" Baba aliuliza taratibu. "Na hii mbona ina kovu palepale nilipoiangusha yangu?"

Mtu mwenye akili angekimbia. Dokta alikuwa na kipaji, na kipaji hakikimbii.

"Baba, ukweli ni kwamba marehemu ndiye aliyenituma. Alisema, mpelekee mwanangu anikumbuke."

"Nimekutuma lini?"

Sauti ilitoka getini. Bibi alikuwa amesimama pale, miwani mpya puani, na nyuma yake shangazi na begi, chaja na kipanya. Turubai likabaki tupu. Mjomba mmoja aliruka ukuta na sahani yake ya wali, na haikumwagika hata punje.

Iliwachukua muda kurudi, na muda zaidi kuelewana.

"Ni wewe uliyepiga simu kuwa mama amekufa!" Baba alimfokea dada yake.

"Mama wa laptopu! Nilikwambia niko kwa Dokta... eh! Si huyu hapa? Dokta, mama wa mashine kafufuka saa ngapi?"

"Kuna tiba mpya, shangazi."

"Dokta?" binti akasema. "Si mhandisi?"

Baba alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Bibi akamzuia, akavuta kiti, akakaa vilevile kama kwenye picha.

"Hii ya mwanangu imerudi kwake. Inayong'aa mlibadilishana kwa hiari, itakaa na binti yangu huyu mwenye begi. Turubai, viti na huo wali, mimi sijafa, kwa hiyo silipii msiba wangu. Alipe Dokta aliyeutangaza."

Dokta akavua saa. Akatoa na simu, viwe malipo. Akaandika kwa herufi kubwa ahadi ya kuitibu bure kila mashine ya ukoo. Kisha akapiga magoti.

"Bibi, nimedanganya yote, ila binti nampenda kweli."

Bibi alimkagua kwa miwani mpya, kutoka nywele hadi viatu.

"Hapo nakuamini. Utamuoa."

Dokta alitaka kumbusu mikono.

"Siku nitakayokufa," bibi akaendelea. "Dokta ulishasema nimekufa. Basi ngoja maneno yako yatimie, mtafunga ndoa wiki hiyohiyo."

Akainuka, akapanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine mpaka vikampita urefu, akajitwika vyote, akaanza kuelekea getini bila hata kuhema.

Dokta aliruka kwenda kumpokea mzigo. Akapiga hatua moja. Akafikiri kidogo kuhusu harusi. Akakaa.

"Nilijua tu," bibi alisema bila kugeuka, na alipotua vile viti akarudi kuchukua vingine.