Turubai Lililoandikwa BADO

Jumatatu, 4 Machi

Dada ametoa kauli ya mwisho. Chumba cha nyuma ninachochorea ni chake, na cherehani zake mbili zimechoka kukaa sebuleni. Ukumbi wa maonyesho ukinipa nafasi ya kudumu, hata ya picha moja, nitabaki. Ukinikataa, natoka, nakwenda kupaka mageti na shemeji. Shemeji ni mumewe, fundi rangi, mtu mwema asiyeelewa kwa nini namwaga rangi sakafuni wakati mageti yapo. Nimemweleza tena kwamba sichori vitu, nachora hisia. Akauliza hiyo ya kijani ni hisia gani. Nikasema ni uchungu. Akasema ni rangi iliyobaki ya geti la daktari wa meno. Basi si ndiyo hiyo hiyo!

Jumanne, 5 Machi

Mpango kamambe. Mwenye ukumbi, mama wa maneno machache, anapokea picha kesho. Ninazo tatu tayari, na nimezipa majina mazito: Kilio cha Nafsi, Kilio cha Nafsi Kinaendelea, na Ukimya Baada ya Kilio. Mchora Ndege, mpinzani wangu wa nyumba ya pili, kila picha yake anaiita Ndege. Hana hata haya.

Ya nne, kubwa kuliko zote, imenishinda. Nimeimwagia rangi kwa upawa, nikaipitishia fagio, kisha nikakwama. Katikati pana pengo jeupe na sijui nilitie nini. Nimeiegemeza uso ukutani, nikaandika nyuma yake kwa chaki, BADO, shemeji, atakayezipeleka kwa gari lake, asije akaipakia kwa bahati mbaya. Mimi ni mtu wa tahadhari.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Nilikuwa bafuni natoa rangi kwenye nywele. Shemeji akapaza sauti kuuliza kama tumemaliza. Nikajibu, "Bado!" Nilimaanisha asiondoke, sijavaa. Yeye akaelewa kwamba bado kuna ya kupakia. Akatazama huku na huku, akaona turubai la ile picha ya nne limeandikwa BADO kabisa, akafurahi kwamba safari hii nimekuwa na mpangilio. Nilipotoka, gari limeshakwenda.

Jioni nikamfokea. Akasema kwa upole kwamba kati ya picha ile na zile nyingine haoni tofauti. Imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kuirudisha picha. Nimechelewa. Vilio vyangu viwili na ukimya wake viko stoo, vimegeuzwa uso ukutani. Ile ya nne imetundikwa peke yake kwenye ukuta mkubwa, na chini yake kuna kadi safi: Bado.

Mwenye ukumbi akauliza nilipata wapi ujasiri wa kuipa picha jina kama hilo. Nikakohoa. Akatikisa kichwa polepole, kana kwamba nimejibu jambo zito. Nimegundua kunyamaza kunanipendeza.

Jumamosi, 9 Machi

Maonyesho yamefunguliwa. Nilijificha nyuma ya nguzo nisikilize. Nilikuwa na hamu ya kujua watu wanaona nini pale, maana mimi mwenyewe sijui.

Ndugu wawili walibishana kama mvua ile inaanza au inakatika. Sikujua kuna mvua. Mzee mmoja alisoma kadi, akatazama picha, akasoma kadi tena, akasema taratibu, "Kama mimi." Akaondoka anatabasamu. Mchora Ndege naye akaja. Nilijiandaa kwa kejeli zake. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha akaniuliza, bila utani, nilijuaje pa kuachia. Ningejua!

Mwishoni akaja muuguzi, bado amevaa sare ya kazi, akasimama mbele ya pengo jeupe muda mrefu. Uvumilivu ukanishinda. Nikamuuliza anaona nini. Akasema wodini anashinda amesimama kutwa nzima, lakini akipatazama pale anajisikia kama amekaa.

Nimerudi kwa miguu nikitazama mapengo. Kati ya nyumba na nyumba. Kwenye ua wa jirani. Kwenye meno ya muuza magazeti. Miaka yote hii mimi nimekuwa mtu wa kujaza. Kwani nisipoweka kitu, pale panakaa nini? Sijawahi kujiuliza swali hilo maishani mwangu, na sasa haliniachi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeitwa ukumbini. Nilikwenda nimeshajiona na brashi ya mageti mkononi. Kumbe heri! Bado imepewa ukuta wa kudumu, na mwaka kesho nitakuwa na maonyesho yangu peke yangu. Sharti ni moja tu: picha isiguswe na mtu yeyote, hata mimi. Hasa mimi, alisema mwenye ukumbi.

Dada amelia kidogo, kisha akadai alijua tangu zamani. Shemeji akauliza ni ipi iliyoshinda. Nilipomwambia, akaendelea kula kwa raha zake. Nimefurahi mno, na chumba ni changu.

Jumatatu, 18 Machi

Mlinzi wa ukumbi ananiambia yule muuguzi huja kila siku, wakati wa mapumziko, anatazama pengo lile kisha anarudi kazini. Nimeguswa sana. Hakuna aliyewahi kuihitaji picha yangu hivyo. Asubuhi nzima nimewaza nimfanyie nini mtu kama huyu, mpaka jibu likanijia lenyewe. Masikini, siku zote hizi anakaa pale bila kitu cha kukalia!

Kesho mlinzi akienda kunywa chai nitaingia na brashi ndogo, nimchoree kiti. Cha mbao, chenye mto na mahali pa kuegemeza mgongo. Atafurahi sana.