Yahusu Begi la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Agosti

Kwako Shajara Mheshimiwa,

Salamu za heshima zitangulie. Baada ya salamu, dhumuni la kukufungua leo ni kuweka katika kumbukumbu uteuzi wa mabegi ya mgongoni kwa safari ya familia yangu, pamoja na haki ninayoidai tangu nioe, nitakayoieleza hapa chini bila kutia chumvi.

Safari yenyewe ni ya kupanda kile kilima kinachoonekana kutoka dirisha la jiko la Mama mkwe. Kulala juu, kushuka kesho yake. Mama mkwe amekitazama kilima hicho tangu akiwa bi harusi, huku akiosha vyombo. Marehemu mumewe alimwahidi kwamba mwakani watapanda. Mwakani haikufika. Jana, mezani kwetu, akatamka mbele ya wote kwamba magoti yake bado yanamtii, kwamba Jumamosi anapanda, na atakaye kumfuata amfuate.

Mwanyumba akadakia. (Mwanyumba ni huyu aliyemwoa dada wa mke wangu. Anauza magari. Hata yeye mwenyewe ananukia gari jipya.) Akasema Mama asijisumbue, upande wa pili kuna barabara, atampandisha kwa gari, kiyoyozi kikipuliza. Mama mkwe akacheka, akamwambia, "Mwanangu, wewe nawe!" Gari akalikataa. Lakini neno lilikwisha kutoka. Mwanangu!

Haki ninayoidai ndiyo hiyo. Nilioa katika ukoo huu kabla yake. Mimi naitwa "huyu bwana". Huyu bwana keshakula? Mpisheni huyu bwana.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba suala la mabegi nitalishughulikia mimi binafsi. Mwanyumba akasema haya, Bwana Yahusu, na kilima nacho ukiandikie barua kitusubiri. Wakacheka wote. Hata Binti yangu wa kumzaa!

Hewala. Kimya changu kina mshindo.

Jumanne, 4 Agosti

Kazini. Meza yangu ipo barazani mwa posta, mimi na taipureta yangu, tukiwaandikia watu maombi yao kwa lugha iliyonyooka, kila barua na Yahusu yake. Wateja leo haba. Nikapata utulivu wa kusoma karatasi ya matangazo ya duka la vifaa vya safari.

Nimejifunza mengi! Begi hupimwa kwa lita, kama maziwa. Mzigo mzito hukaa karibu na uti wa mgongo. Mkanda wa kiunoni ndio unaobeba, mabega husindikiza tu. Ila karatasi haisemi nani apewe begi kubwa na nani dogo. Kasoro kubwa. Nimeijaza mwenyewe: ukubwa wa begi ufuate ukubwa wa mtu katika familia. Kiti kikubwa ni cha mkurugenzi, karani hukalia stuli. Kwa hiyo begi kubwa kupita yote, Mama mkwe. Kisha mimi. Kisha mke wangu. Kisha Binti.

Nikamsomea mke wangu. Akauliza kama mabegi ni ya kubebea au ya kupandishana vyeo. Akasema mwenye nguvu ndiye abebe kingi, mama yake ni mtu mzima. Nikamjibu kwamba hayo ni mawazo ya wapagazi. Akanigeuzia mgongo kwa hasira. Nikatumia nafasi hiyo kuupima.

Maana begi lazima lilingane na urefu wa mgongo, kuanzia kifupa cha shingo hadi mifupa ya nyonga. Hapo ndipo penye mtihani. Mkwe hapimwi! Nitamsogelea vipi Mama mkwe na utepe mkononi? Nimtume mke wangu? Ndipo sifa ziwe zake.

Ipo njia.

Jumatano, 5 Agosti

Njia imepatikana. Wiki hii Mama mkwe anakaa kwetu, na nguo zake zinaanikwa kwenye kamba ya uani tunayotumia pamoja na jirani. Asubuhi nikakuta magauni kadhaa. Nikachagua lenye hadhi kuliko yote, la zambarau, lenye tarizi kolani. Lingekuwa la nani mwingine?

Upepo haukuwa na adabu. Kila nikiunyosha utepe, gauni linanikimbia. Ikanibidi nilishike kwa karibu. Likanizingira. Nikiwa ndani yake hivyo, mkono mmoja kolani, mwingine kiunoni, nikasikia mtu akikohoa. Jirani, na beseni lake! Akauliza kama ni salama. Nikasema salama, nafanya ukaguzi. Akauliza ukaguzi wa nini. Nikasema wa ubora. Akasema leo upepo mkali, eh, Baba Binti? Akarudi ndani bila kuanua hata soksi. Mwanamke mwenye staha!

Vipimo ninavyo. Nakiri nimestaajabu. Mama mkwe ana mgongo mrefu sana. Akiketi hujui.

Alhamisi, 6 Agosti

Dukani. Nilitayarisha hotuba fupi ya kufungulia mazungumzo. Muuzaji, kijiti cha meno mdomoni, hakuingoja. Akauliza naenda mlimani au nahama.

Nikampa vipimo. Akauliza hili kubwa ni la nani. Nikasema la mzee wetu, mwanamke. Akauliza kama mzee wetu anacheza mpira wa kikapu. Nikamwarifu kwamba sikuja kuhojiwa. Akashusha begi kutoka juu kabisa, la kijani, lenye fremu, mifuko pembeni, koti lake la mvua na filimbi kifuani. Lina filimbi! Akalijaza vifuko vya mchanga, akanivisha, akaniambia nipande ngazi za duka na kushuka ili nijue uzito unavyokaa. Nilipanda kwa heshima zote. Kushuka, nilishuka mapema kuliko nilivyokusudia.

Nikayachukua yote manne. Fedha zilikuwa za kabati jipya la vyombo. Mke wangu bado hajaarifiwa. Maneno ya kumwarifu nayapanga.

Moyo mweupe. Kesho nitaitwa mwanangu.

Ijumaa, 7 Agosti

Sikuitwa.

Nilikabidhi mabegi sebuleni baada ya chai, kwa hotuba. Mama mkwe akasimama, Binti akamvisha. Shajara Mheshimiwa, Mama mkwe alitoweka! Ukimtazama kwa nyuma, juu begi, chini begi, kisha visigino. Binti akapiga kelele kwamba Bibi amemezwa. Kutoka huko ndani, Mama mkwe akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama huyu bwana anampeleka kilimani au anamtia kwenye kontena.

Mke wangu akataka kujua vipimo nilivitoa wapi. Nikaeleza. Gauni la zambarau, kamba, upepo. Mke wangu akasema mama yake hana gauni la zambarau.

Hapo hapo hodi mlangoni. Jirani. Anaulizia kama gauni lake limefaulu ukaguzi.

Yule jirani akiingia kwetu huinama asigonge kichwa mlangoni! Nimeishi naye ukuta kwa ukuta na sikuliwazia hilo. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini, kisha akakumbuka kabati, akaacha kucheka. Nilimpigia simu muuzaji. Akasema begi lililokwisha kuvaliwa halirudi, labda kama mzee wetu amerefuka.

Uamuzi wa mke wangu: mama yake abebe begi la zamani la shule la Binti, lile lenye picha ya sungura. Sungura! Juu ya mgongo wa mkwe!

Sikubishana. Lakini begi la Mama mkwe ni la Mama mkwe, na litapanda kilima kama stahiki yake. Nitalibeba mimi. Langu nyuma, lake mbele. Nimetia ndani yake blanketi lake, mto wake, birika na kiti cha kukunja. Mikanda ya viuno ya mabegi yote mawili nimeiunganisha ubavuni na kitovuni, mzigo ugawane. Wazo hili halimo kwenye karatasi ya duka. Wangelijua wangeliandika.

Jumapili, 9 Agosti

Tumerudi. Sijaoga bado, lakini historia haingoji.

Jana asubuhi, chini ya kilima, Mwanyumba akafika na sanduku la magurudumu. Kubwa, la fedha, linang'aa kama jino la bandia. Akasema mambo ya kubebana migongoni yamepitwa na wakati. Kwenye lami akanipita akipiga mluzi, analisukuma kwa kidole kimoja. Nilisononeka, sikatai.

Kisha lami ikaisha.

Kwanza alilivuta. Kisha alilikokota. Tulipovuka kijito lilikuwa kichwani. Sikumcheka. Nilimuuliza tu kama angependa niyaandikie magurudumu ombi rasmi. Akasema Bwana Yahusu, jitazame kwanza, unafanana na mkate uliotiwa siagi pande mbili. (Hata mimi nilicheka kidogo.)

Mama mkwe alikuwa mbele na Binti, sungura mgongoni, anaruka mawe kama mbuzi. Mimi miguu yangu sikuiona siku nzima. Binti alinitangazia njia kutoka mbele: Baba, jiwe! Baba, mzizi! Baba, shimo! Tangazo la shimo lilichelewa.

Karibu na kilele njia inapita kati ya miamba miwili. Mama mkwe akapita. Binti akapita. Mimi nikaingia. Nikabaki.

Begi la mbele halikutaka kuendelea, la nyuma halikutaka kurudi. Mikono yangu ilibanwa pamoja nalo. Nyuma yangu Mwanyumba akasukuma kwa sanduku, mke wangu akamfokea aache, anazidi kunipigilia kama msumari. Mabizimu ya mikanda yalikuwa yamegandamizwa kwenye mwamba. Lililobaki huru ni moja tu, la kitovuni, chini ya begi la mbele, na mkono wa Binti haukulifikia.

Mama mkwe akarudi.

Nikamsihi asisogee. Nikasema Mama, haifai, wewe ni mkwe wangu, kuna adabu. Akasema adabu tutaikuta juu. Akaukanyagia mwamba mguu mmoja, akapitisha mkono chini ya begi, akaanza kupapasa kiunoni pangu. Nikafumba macho kwa heshima. Nikageuza na uso. Na hapo, kwa masikio yangu haya mawili, mbele ya mashahidi:

"Mwanangu, vuta tumbo!"

Shajara Mheshimiwa! Nililivuta. Ningeambiwa nivute kilima ningekivuta. Bizimu likafunguka, begi likaruka, nami nikafuatia nyuma yake kama kizibo cha chupa.

Juu, nikamtolea kiti cha kukunja. Akasema begi linamtosha, akalikalia. Akakinga macho kwa kiganja, akaanza kutafuta dirisha la jiko lake. Tukamsaidia. Mwanyumba akaonyesha kwingine kabisa. Binti ndiye aliyeliona, nukta moja inayometa kati ya mabati. Mama mkwe akaitazama muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni padogo hivyo." Kisha, si kwetu, akasema haya, mwenzangu, nimefika. Mke wangu akashika mkono wangu. Hakulitaja kabati.

Kwa uadilifu wa kumbukumbu: leo wakati wa kushuka Mama mkwe amemwita Mwanyumba mwanangu. Na muuza maji. Na mbwa mmoja. Nimechunguza kwa makini. Sauti haikuwa ile.

Jumatatu, 10 Agosti

Leo barazani sikupiga chapa kitu. Nilitafakari. Neno lile lilitoka wapi? Lilitoka kwenye begi. Begi lingekuwa dogo, ningepita kati ya miamba bila tatizo, na hadi leo ningekuwa huyu bwana. Kwa hiyo kanuni yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na waliocheka walicheka bila hoja.

Habari mpya: Mama mkwe amenogewa. Mwezi ujao anataka kutembea hadi kwenye maporomoko ya maji, safari ya siku mbili, na amesema viatu vyake vimelika soli. Kabla Mwanyumba hajafungua mdomo nikatangaza kwamba suala la viatu nitalishughulikia mimi binafsi.

Mke wangu akasema, kwa jina la amani ya nyumba hii, nimuulize tu mama namba ya kiatu. Anauliza nani? Mkwe haulizwi mguu wake kama mtu aliyepotea! Mchana nimenyunyiza unga mwembamba mlangoni, kwa kuwa kwetu viatu huvuliwa nje. Nikajibanza nyuma ya pazia. Wamepita wawili tu: Mama mkwe, akitoka uani, na Mwanyumba, aliyekuja kuazima gundi ya magurudumu.

Nyayo zimetoka safi. Moja ndogo, nyembamba. Nyingine pana kama sinia. Nani mkubwa kati yao? Hakuna haja ya kikao. Nimeipima ile pana.

Shajara Mheshimiwa, wewe huna mdomo. Kwa hiyo ukurasa huu nauacha wazi mezani, kando ya kikombe cha mke wangu, nikiamini kwamba ataupokea kwa moyo mkunjufu. Mke wangu mpendwa, ukubwa wa viatu vya Mama umekwisha kuthibitika: namba arobaini na tano. Kilichosalia ni rangi. Vyeusi au vya kahawia? Duka linafungwa saa kumi na mbili. Naomba uamuzi.