Samahani Saba kwa Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 4

Lakini hata akiwa baba yako, swali ni swali. Hivyo ndivyo mume wangu alivyomalizia asubuhi hii, mdomo umejaa mkate, na mimi badala ya kukasirika nikawa natazama masikio yake. Ana masikio mazuri sana! Wiki ya sita ya ndoa na bado nashtuka nikimkuta jikoni. Huyu wangu? Kweli?

Jambo lenyewe ni hili. Redio ya mtaa wetu imempa kazi ya kuendesha mdahalo wa wagombea udiwani. Wagombea ni wawili tu. Wa kwanza ni Baba, baba yangu mzazi, aliyekuwa diwani miaka mitano hii. Wa pili ni Mwalimu wa hesabu, mama mstaafu aliyenifundisha kidato cha pili na kuandika kwenye ripoti yangu kwamba najitahidi kukisia.

Baba kapiga simu. Kasema anamwamini mkwewe. Kasema pia kwamba mkwe atakayemwaibisha mbele za watu asitarajie kumwona akikanyaga kwetu, wala sisi tusikanyage kwake. Kisha akauliza kama tumeshapata mapazia ya sebuleni.

Sielewi. Baba ni mtu mwema. Mume wangu ni mtu wa haki. Kwa nini nimepewa wote wawili kwa mkupuo mmoja?

Jumanne, tarehe 5

Bahati! Mwandiko wa mume wangu ni kama mdudu aliyetoka kuoga kwenye wino, na mimi ni karani wa duka la kuchapa na kutoa nakala. Kaniletea maswali niyachape. Kanibusu kwenye paji la uso mbele ya wateja. Mteja mmoja akakohoa. Akohoe tu.

Nimesoma. Swali la tatu la Baba: uliahidi mfereji wa maji machafu sokoni, miaka mitano imepita, mfereji uko wapi? Ndivyo mzazi anavyoulizwa? La Mwalimu linasema hajawahi kuongoza hata kamati ya harusi, kwa nini tumwamini. Hilo niliona lina adabu kabisa.

Nikatoka kwenda sokoni kununua nyanya ili nitulie. Nikaruka maji meusi mara tatu. Mara ya nne kiatu kikabaki huko. Nikarudi kiatu kimoja mkononi, bado nawaza ukatili wa swali lile.

Kubadilisha swali ni udanganyifu. Siwezi. Lakini kuongeza heshima ni udanganyifu? Mume wangu akiwa hewani husoma chochote kilicho mbele yake. Mwaka jana alisoma "geuza ukurasa" katikati ya habari za mafuriko, kwa sauti ile ile ya huzuni. Ndiyo siku niliyompenda. Basi, mbele ya kila swali la Baba nimeongeza maneno mawili: Samahani baba. Maswali saba, samahani saba. Mwalimu sikumwekea. Yeye si ndugu yetu.

Jumatano, tarehe 6

Ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Mume wangu kavaa shati la bluu. Jamani!

Samahani ya kwanza ilipokewa vizuri. Mama mmoja nyuma yangu kasema mkwe wa hivi hapatikani siku hizi. Nikajinyoosha. Ya pili, watu wakatabasamu. Ya tatu, samahani baba, mfereji uko wapi, ukumbi mzima ukashusha pumzi kama umeletewa habari mbaya. Ya nne, vijana wa nyuma wakaisema pamoja naye. Ya saba ilikuwa kwaya. Samahani babaaa!

Mwalimu muda wote alikuwa anachora vijistari kwenye karatasi, vinne vinne na cha tano kinakata katikati. Mwisho akasimama. Kasema amehesabu, ni saba kwa sifuri. Akauliza kama yeye haombwi samahani kwa sababu maswali yake hayaumi, au kwa sababu hana binti aliyeolewa redioni. Wakampigia makofi! Na mimi mkono mmoja ulianza kupiga kabla sijauzuia.

Baba hakunisalimia mlangoni. Kasema mkwewe alikuwa anamwomba samahani kama mtu aliyetumwa kuleta taarifa ya msiba. Kwamba hata kabla hajafungua mdomo, watu walishajua ana kosa. Kila samahani, kasema, ilikuwa kofi.

Nyumbani mume wangu kauliza maneno yale yaliingiaje. Nikasema mashine zetu zina tabia zake. Akanitazama sana. Kasema alijisikia akiyasoma na akashindwa kujizuia.

Alhamisi, tarehe 7

Barua mbili zimefika redioni, mume wangu kaja nazo. Ya Baba inasema mwendeshaji amemwonea. Ya Mwalimu inasema mwendeshaji anambeba Baba. Maneno ni yale yale mawili! Nimezigeuza barua zote mbili juu chini. Anayebebwa anaonewaje?

Nikamuuliza mteja mmoja, mzee mwenye tangazo la chumba cha kupangisha, yeye anaonaje. Kasema anaona nakala tatu zinamtosha.

Mkuu wa kituo kamwambia mume wangu kwamba anayelalamikiwa na pande zote mbili ama ni mtu wa haki sana ama ni mjinga sana, na yeye bado hajaamua. Jumamosi kuna mdahalo wa pili. Yakija malalamiko tena, mume wangu hashiki maikrofoni, atahamishiwa matangazo ya vitu vilivyopotea. Sauti ile! Kutangaza mwavuli!

Mume wangu kasema safari hii maswali atayachapa mwenyewe, asante mpenzi. Kasema "asante mpenzi" vizuri mno hata sikuona kwamba nimefukuzwa.

Ijumaa, tarehe 8

Bahati tena! Printa ya redio imeishiwa wino. Wameleta maswali dukani kwetu. Mikononi mwangu!

Safari hii nimetumia akili. Kosa lilikuwa kutolingana. Basi walingane. Maswali yale yale, maneno yale yale, samahani ile ile, kwa wote. Nimechukua ukurasa wa Baba, nikaurudishia samahani zake, nikatoa nakala mbili, moja yake na moja ya Mwalimu. Haki iliyonyooka kama rula. Mwalimu hatakuwa na cha kuhesabu.

Jumamosi, tarehe 9

Mume wangu akaanza na Mwalimu. Kwa sauti yake nzuri akamwambia: "Samahani baba."

Nilitaka sakafu inimeze. Kuna mtu alianguka kutoka dirishani kwa kicheko, hakuumia. Mwalimu akavua miwani. Kasema katika miaka thelathini ya kufundisha ameitwa mengi nyuma ya darasa, baba bado. Mume wangu, maskini, macho yalikuwa yameshashuka mstari wa pili, akaendelea: "Ulipokuwa diwani uliahidi mfereji..." Mwalimu kashukuru kwa swali. Kasema na yeye amelisubiria jibu miaka mitano, kwa hiyo dakika zake anampa aliyekaa nalo.

Mume wangu akatazama karatasi. Akanitazama mimi. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Hata nikiwa na hofu ile niliona mikono yake ilivyo mizuri.

Kisha akamgeukia Baba. Hakuna samahani. Hakuna baba. "Mgombea, mfereji uko wapi?"

Baba alishtuka hadi akasema kweli. Kasema mfereji ulikuwa upite uani kwake, uvunje banda la kuku, kwa hiyo aliomba watafute njia nyingine, nao bado wanatafuta.

Kelele!

Mume wangu hakungoja zitulie. Kwa sauti ile ile akamuuliza Mwalimu amewahi kuongoza nini. Mwalimu akababaika. Kasema kwaya ya shule. Akaulizwa iko wapi. Kasema iligawanyika ikawa mbili, na zote hazimsalimii.

Watu wametoka wakibishana njia nzima, na hakuna aliyemtaja mwendeshaji. Je, hiyo ni nzuri au mbaya? Nimeuliza watu wanne. Wawili wamesema nzuri, wawili wameniambia pole.

Jumapili, tarehe 10

Mwalimu kaleta barua redioni: hana malalamiko, mwendeshaji amepata nane kati ya kumi. Mimi hajawahi kunipa nane! Mkuu wa kituo amefurahi. Mume wangu anabaki na maikrofoni yake. Nimemkumbatia hadi chai ikapoa.

Baba sasa. Nilidhani ana hasira kwa ajili ya mfereji. Wala! Kuhusu mfereji, kasema kila mtu ana kuku. Hasira yake ni "mgombea". Kwamba amelea binti, akampa mtu, na mtu huyo kamwita mgombea mbele ya mtaa mzima. Mama kaninong'oneza kwenye simu kwamba picha ya harusi yetu imegeuzwa, inatazama ukuta. Tusikanyage.

Mume wangu kasema nyumbani atamwita baba tangu asubuhi hadi jioni, lakini kwenye maikrofoni hakuna baba wa mtu. Nikalia. Sijui nililia upande gani.

Jumanne, tarehe 12

Nimepata! Siku zote tatizo lilikuwa karatasi. Kilichoandikwa husomwa. Mambo ya familia ni ya mdomo.

Asubuhi nimempigia Baba. Nimemwambia mkwewe amejutia, anataka kuja kumwomba radhi. Baba akasema basi aje. Mchana nimemwambia mume wangu kwamba Baba amejutia, anataka kumwomba radhi. Kasema haikuwa lazima, lakini kama mzee mwenyewe ameguswa, twende.

Wote wawili wana furaha kama watoto! Baba kasema atakaa kimya kwa heshima, amwache mwenzake aanze. Mume wangu, bila kuambiwa, kasema hivyo hivyo. Ona wanavyofanana!

Sioni kinachoweza kuharibika. Nimempa Mama neno langu: kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwao, mimi na mume wangu mwenye masikio mazuri, naye atakuwa kimya kabisa.