Kisu Kitakachonisemea

Jumanne, 2 Desemba
Kikundi chetu cha matembezi kitalala msituni Kisarawe Jumamosi. Dada Margareth, kiongozi wetu, anatafuta msichana mmoja wa kumsaidia kambini wageni wanapokuja. Kazi ya kweli, yenye posho. Nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani, mtaa wa Picha ya Ndege, nafagia uwanja ambao tayari umefagiliwa. Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote.

Sharti: kila mtu aje na kisu kisichokunjwa, cha kumenyea viazi, kukatia kamba na kuchongea vijiti vya kuwashia moto. Recho, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, aliuliza urefu, mpini, ala, kila kitu. Majibu sikuyasikia. Nilikuwa bado najikaza kuuliza langu.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimejaribu kisu cha mama cha jikoni. Kinacheza kwenye mpini kama jino bovu. Mama alinikuta nachonga mti wa ufagio, akauliza ufagio umenikosea nini. Kisu kimerudi jikoni. Nami nimerudi kufagia, kwa ufagio mfupi kidogo.

Mpango mpya. Mtu asiyejua kusema anahitaji kisu cha kumsemea.

Ijumaa, 5 Desemba
Nimekipata sokoni Maili Moja. Cheusi, kirefu kama mkono wangu hadi kiwiko. Mgongoni kina meno ya msumeno, mpini una uwazi ndani, na kifuniko chake ni dira. Mwenye meza alisema ni cha komando. Sikumuuliza komando wa wapi, wala kama kinakata. Nilimpa begi langu la shule na tochi, tukabadilishana. Dira inasema kaskazini ni kila ninakogeukia. Nimeona ni bahati.

Jumamosi, 6 Desemba
Kisu nilikifunga ndani ya khanga. Njia nzima nimekaa wima kama niliyemeza mwiko. Askari wa barabarani alisimamisha gari, akaangalia leseni ya dereva, akatutakia safari njema. Mimi peke yangu nilikuwa nimenyoosha mikono juu.

Kambini Recho akatoa chake: kifupi, mpini wa mti. Nilimwonea huruma. Nikatoa changu. Recho akauliza, "Shoga, nani katangaza vita?" Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Hata hivyo, mpango ulifanya kazi. Mzee Khalfani, mwongoza njia wetu, ndiye anayetuchinjia, maana kikundi kina Waislamu na Wakristo na sufuria ni moja. Aliposhika kuku akaomba kisu. Dada Margareth akaniangalia mimi. Nikakiweka chini mbele ya mzee akiokote mwenyewe, kwani kisu cha kupeana mkononi huleta ugomvi.

Akapitisha kidole kwenye makali. Akapitisha tena. Akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hiki mnapakulia wali?" Akasema mnyama hateswi kwa kisu butu, na nyama ya namna hiyo yeye hataki lawama zake. Akaomba cha Recho.

Nikajitolea kuchonga vijiti. Pigo la kwanza, mpini ukabaki mkononi, chuma kikaenda zake vichakani. Kambi nzima ilikitafuta, asije mtu akakikanyaga. Viazi vikaungua.

Jumapili, 7 Desemba
Tumerudi. Recho ndiye aliyechaguliwa. Dada Margareth aliniita pembeni, akasema, "Mdogo wangu, kosa si kisu, kosa ni kwamba hukuuliza. Ningekuambia kifupi, chenye makali, chuma kifike mwisho wa mpini, basi." Nililia kidogo kwenye khanga. Amesema kweli. Nimemwelewa kabisa.

Jumatano, 10 Desemba
Dada Margareth amepiga simu. Wageni wa Januari wamekuwa wengi, anahitaji msaidizi wa pili. Nije tena Jumamosi kwa majaribio, na kisu kidogo tu. Kama nina swali, nimuulize hapo hapo. Nilikuwa nalo. Nikasema sina, nikamwamkia mara ya pili, nikakata simu.

Nimefikiri sana. Kisu kidogo Recho anacho tayari. Nikija nacho na mimi, nani ataniona? Nimeagiza shoka kwa fundi chuma wa Mlandizi. Hakuna mzee atakayeniomba shoka achinjie kuku.